Kiwanja kidogo, nyumba ya familia: mpango unaanzia pale usipojenga

Mtu amenunua kiwanja cha mita 15 kwa 20 nje kidogo ya Dar es Salaam. Amepata ramani nzuri mtandaoni: vyumba vitatu, kimoja kina choo ndani, sebule, jiko, stoo, baraza. Fundi anapima, anasema inaingia. Nyumba inakwisha, kisha mambo yanaanza. Gari halina pa kulala, shimo la choo limeishia chini ya dirisha la jiko, chumba cha wazazi kinawaka moto hadi saa sita usiku, na maji ya paa yanamwagikia kwa jirani. Lakini fundi hakudanganya, ramani kweli ilikuwa inaingia.

Tatizo ni kwamba kuingia na kukaa ni mambo mawili tofauti. Kwenye kiwanja kikubwa makosa yanamezwa na nafasi. Kwenye kiwanja kidogo kila mita uliyoacha wazi ina kazi, na ukishaijengea hairudi. Kwa hiyo mpango mzuri huanza na sehemu ambazo hutajenga, ndipo vyumba vigawane kinachobaki.

Tuelewane kwanza kwa maneno

Neno "ramani" linabeba vitu vitatu, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Kuna ramani ya upimaji, inayoonyesha mipaka ya kiwanja chako na namba za bikoni, yaani yale mawe ya mpaka. Kuna mchoro wa eneo, unaoonyesha nyumba imekaa wapi ndani ya mipaka hiyo, geti liko wapi, shimo la maji taka liko wapi, maji ya mvua yanaelekea wapi. Halafu kuna mchoro wa sakafu, unaoonyesha vyumba, milango na madirisha. Kinachouzwa mtandaoni kwa kawaida ni hiki cha tatu peke yake. Aliyekichora hajui barabara yako iko upande gani, ardhi inainamia wapi, wala jua linazama upande wa chumba gani. Ni kama kununua suruali kwa kujua urefu tu bila kiuno.

Neno la pili ni nafasi ya mpakani: umbali ambao sheria za mipango miji zinakutaka uuache kati ya ukuta wa nyumba na mpaka. Kipimo hutofautiana kulingana na eneo na aina ya kiwanja, na anayekupa kipimo chako ni afisa mipango miji wa halmashauri. Katika makala haya tutatumia mita 3 mbele, 1.5 kila ubavu na 2 nyuma, kama mfano wa kufanyia hesabu tu. Kibali cha ujenzi nacho si cha ghorofa peke yake, kama wengi wanavyoamini. Nyumba ya chini katika eneo la mji nayo inakihitaji, na mchoro wa eneo ni sehemu ya maombi.

Halafu kuna hatua. Viwanja vingi ambavyo havijapimwa huuzwa kwa hatua, na watu hutafsiri hatua moja kuwa mita moja. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Kiwanja cha "20 kwa 20" cha hatua hizo kwa hiyo ni mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225 badala ya 400. Karibu nusu ya ulichodhani umenunua haipo. Kenya wana mkanganyiko unaofanana na huu: kiwanja cha futi 50 kwa 100 huitwa moja ya nane ya ekari, ilhali ni futi za mraba 5,000, na moja ya nane ya ekari ni 5,445. Beba futi kamba kabla ya kubeba ramani.

Pima kuanzia kwenye bikoni, usipime kuanzia kwenye ukuta wa jirani. Ukuta wake unaweza kuwa umeingia kwako au umebaki ndani ya kwake, na hapo ndipo ugomvi wa miaka unapozaliwa. Kama kiwanja kiko kando ya barabara kuu au ya mkoa, angalia hifadhi ya barabara pia. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya 2007 iliipanua hadi mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na nyumba nyingi zilizokuwa ndani yake zilipigwa alama ya X ya kubomolewa. Usipime kuanzia pembeni ya lami.

Vitu vinne vinavyotangulia vyumba

Kabla ya kuchora chumba chochote, weka kwenye karatasi gari, maji taka, maji ya mvua na upepo. Vyumba vinaweza kubadilishana nafasi. Hivi vinne vinafuata mwinamo wa ardhi, upande wa barabara na majira, na havihamishiki.

Gari ndogo linahitaji nafasi ya mita 3 kwa 5.5 ili milango ifunguke na mtu apite. Nafasi ya mpakani ya mita 3 mbele haitoshi kuliingiza kwa urefu, na ubavu wa mita 1.5 haulipitishi. Ukiiweka nyumba katikati kabisa ya kiwanja, umeacha vijia vinne vyembamba vinavyokuzunguka na hakuna hata kimoja chenye kazi. Hii ndiyo dhana moja ningetamani ife: kwamba nyumba ikae katikati. Kwenye kiwanja kidogo isogeze upande mmoja, acha kiwango cha chini ubavu huo, ili ubavu wa pili upate ua wa maana.

Maji taka ndiyo magumu zaidi. Septiki tenki ni kisanduku kisichovuja ambamo uchafu mzito unazama na kuoza. Maji yanayobaki yanakwenda kwenye shimo la kunyonya, ambalo linayarudisha ardhini. Ni vitu viwili, na vyote viwili vinataka nafasi. Kwa familia ya watu sita, tenki la mita za ujazo 3 hadi 4, lenye vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili, linatosha kwa kawaida. Bomba la inchi 4 kutoka chooni liiname kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Vyoo vikiwa mita 9 kutoka kwenye tenki, bomba limeshashuka sentimita 22 kabla ya kuingia. Kama ardhi inapanda upande huo, itabidi tenki lizikwe chini zaidi, na pwani, ambako maji ya ardhini huwa karibu na uso wa ardhi, utakuta shimo limejaa maji kabla hujatumia. Weka chemba, yaani kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia bomba, kila bomba linapokata kona, maana kona ndiyo mahali pa kuziba.

Gari la kunyonya maji taka nalo litakuja siku moja. Mpira wake lazima ufike kwenye tenki bila kupita sebuleni. Watu wanalisahau hili hadi siku ya aibu.

Na kisima? Kanuni inayotumika sana ni kuacha mita 30 kati ya kisima na shimo la maji taka. Kiwanja cha mita 15 kwa 20, kutoka kona hadi kona, kina mita 25. Maana yake, hata ukiweka kisima kona hii na shimo kona ile, hufikii. Na bado hujahesabu shimo la jirani aliye nyuma ya ukuta. Kwenye ukubwa huu, kisima kifupi cha maji ya kunywa kisiwe kwenye mpango. Panga maji ya bomba, tenki la akiba na maji ya mvua.

Maji ya mvua hudharauliwa kwa sababu watu hujenga kiangazi. Nyumba ya mita 9 kwa 12 yenye ukingo wa paa wa sentimita 60 pande zote ina paa linalofunika mita za mraba 134 na zaidi. Siku moja ya masika yenye mvua ya milimita 50 inamwaga juu ya paa hilo lita 6,700 hivi. Simtank ya lita 5,000 inajaa na kufurika siku hiyohiyo. Maji hayo yatapita mahali fulani, na usipoyachagulia njia yatajichagulia, mara nyingi kwenye msingi wako au wa jirani. Kama unaweza, nenda kiwanjani siku ya mvua kabla ya kuchora. Dakika kumi za kusimama na mwavuli zitakuonyesha mwinamo ambao macho hayauoni jua likiwaka.

Jua na upepo wa pwani

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia kama tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana liko upande wa kusini, na miezi mingine liko kaskazini. Lakini pande zote mbili liko juu sana, na jua la juu ni rahisi kulizuia. Ukingo wa paa wa sentimita 60 unautia kivuli ukuta wa kusini kama mita 2 kushuka chini mchana wa Desemba, na ukuta wa kaskazini kama mita 1 mchana wa Juni. Hiyo inatosha kufunika sehemu kubwa ya dirisha la kusini, na sehemu ya juu ya lile la kaskazini.

Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na moja jioni jua liko chini, linaupiga ukuta uso kwa uso, na ukingo uleule hauzuii hata sentimita 30. Ukuta wa tofali unanyonya joto hilo na kuliachia polepole kwa saa kadhaa, ndiyo maana chumba kilichotazama magharibi kinachoma usiku wakati nje kumeshapoa. Anayelala humo hulaumu bati. Bati lina sehemu yake, ila ukuta ndio uliobeba joto la jioni.

Upepo nao una ratiba. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi, ambayo ndiyo miezi ya joto kali. Kwa hiyo upepo wote mkubwa unatoka upande wa mashariki, ukigeukageuka kati ya kona mbili. Matokeo yake ni kanuni rahisi kwa pwani: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, wanaokaa na kulala wawe mashariki, na vyoo, jiko na stoo viwe magharibi. Huko harufu na moshi vinapeperushwa mbali, na joto la jioni linaishia kwenye vyumba ambavyo hakuna anayelala.

Wazee walilijua hili. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ina baraza mbele, korido katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa uani, vyumba kushoto na kulia, kisha jiko na choo uani. Watu huiita nyumba ya kizamani, lakini ile korido ni bomba la upepo: fungua milango miwili na hewa inapita nyumba nzima. Ramani nyingi za sasa zinaziba korido kwa ukuta mwishoni, halafu mwenye nyumba ananunua feni tano.

Dirisha kubwa halileti hewa peke yake. Hewa inaingia kama ina pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa kimekufa hata dirisha likiwa mita 2. Weka matundu au luva juu ya fremu ya mlango, na chumba cha kona kipe madirisha kwenye kuta mbili. Kumbuka pia kwamba dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu. La mita 1.5 linakupa sentimita 75 za hewa.

Haya ni ya pwani. Njombe, Mbeya au Arusha, kwenye baridi, jua la asubuhi ni zawadi na vyumba vya kulala hulitafuta.

Mfano uliopimwa

Turudi kwenye mita 15 kwa 20. Chukua nyumba ya mita 9 kwa 12 kwa nje, yaani mita za mraba 108, na barabara iko mashariki, kwenye upande wa mita 15. Urefu wa nyumba, ile 12, ulale mashariki kwenda magharibi. Kwa marefu zinabaki mita 8: acha 5 mbele na 3 nyuma. Kwa mapana zinabaki 6: acha 1.5 kusini na 4.5 kaskazini. Ua huo wa kaskazini ndio moyo wa mpango. Gari linaingia hapo, kaskazi ya miezi ya joto inapata njia, nguo zinaanikwa, na mpira wa gari la kunyonya unapita moja kwa moja hadi kona ya kaskazini magharibi ambako umeweka tenki na shimo la kunyonya. Mbele, baraza ya mita 1.5 bado inakuachia 3.5 hadi mpakani.

Ndani, gawa nyumba kwa mikanda mitatu. Kuta ni za tofali la inchi 6, sentimita 15. Ukanda wa kaskazini una upana wa mita 4 ndani: sebule na sehemu ya kulia, mita 8.7, kisha jiko mita 2.85 kwenye kona ya magharibi, lenye mlango wa kutokea uani. Ukanda wa katikati ni korido ya mita 1.1. Ukanda wa kusini una mita 3.3: kutoka mashariki, chumba cha mita 3, kingine cha mita 3, cha wazazi mita 3.6, na mwisho vyoo mita 1.65. Jumlisha na kuta tano zinazokatiza ukanda huo, unapata 12 kamili. Jumlisha 4, 1.1 na 3.3 na kuta nne, unapata 9.

Ile sehemu ya vyoo ikatwe mara mbili, kila kimoja kama mita 1.65 kwa 1.57. Cha kusini kinafunguka chumbani kwa wazazi, cha kaskazini kinafunguka koridoni. Vyote vina ukuta wa nje, vyote vina dirisha, na mabomba yote ya nyumba, pamoja na ya jiko, yako kwenye ukuta mmoja wa magharibi. Aliyekaa sebuleni haoni mlango wa choo, kwa sababu umekaa ubavuni mwa korido. Mwisho wa korido weka mlango wa nje, kama ile ya Magomeni. Na mita 3 za kwanza za korido, upande wa sebule, zisiwe na ukuta: njia ya kupita inageuka kuwa sehemu ya sebule.

Kwa familia ya Kiislamu kuna jambo la kuliamua sasa hivi, kwa sababu bomba likishafukiwa ndani ya jamvi, yaani zege la sakafu, huwezi kuligeuza bila kubomoa. Kutoka Dar es Salaam, Kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja. Bakuli la choo liegemee ukuta wa magharibi na kutazama mashariki, ili mtumiaji asielekee Kibla wala kuipa mgongo. Bahati nzuri hapo ndipo bomba linapotoka kwa njia fupi zaidi.

Mtu atauliza: kwa nini chumba cha wazazi kisiwe mashariki penye upepo, wapewe watoto kile cha ndani? Kinaweza, ila choo chao kitakuwa mita 9 kutoka kwenye vingine. Utachimba njia ya pili ya maji taka kupitia ubavu wa mita 1.5, yenye chemba zake, na siku ikiziba utaipata harufu dirishani. Choo kimoja cha mbali huongeza gharama na matatizo. Mimi ningebaki na mabomba pamoja, na kukipa chumba cha wazazi luva juu ya mlango.

Barabara ikiwa kaskazini au kusini, nyumba hiyohiyo inageuka na mambo yanakuwa mazuri zaidi. Mita 12 zinakaa kwenye upana wa 15 na kuacha 1.5 na 1.5 kamili, na kwa marefu zinabaki 11: 6 mbele kwa gari, 5 nyuma kwa maji taka na ua. Kuta ndefu sasa zinatazama nafasi wazi badala ya kutazama majirani. Ukiwa bado unachagua kiwanja kwenye mradi wenye viwanja vya ukubwa huu, huo ndio upande wa barabara wa kuutafuta. Barabara ikiwa magharibi, pindua mfano wa kwanza kwa uangalifu: baraza na geti vitakuwa upande wa jua la jioni, na vyoo vitakuwa mbele isipokuwa umekubali kuvipeleka mashariki. Hapo wengi huchagua mti wa kivuli mbele kuliko kupeleka choo upande wa upepo, na wana haki.

Chumba cha 3 kwa 3 ambacho si cha 3 kwa 3

Uliza kila kipimo kwenye mchoro kimechukuliwa wapi. Wapo wanaopima katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Tofali la sentimita 15 na plasta ya sentimita 1.5 kila uso hufanya ukuta wa sentimita 18. Chumba cha mita 3 kwa 3 kilichopimwa hivyo kinabaki 2.82 kwa 2.82, karibu mita 8 za mraba badala ya 9.

Sasa ingiza kitanda cha futi 6 kwa 6. Pamoja na mbao zake kinachukua kama mita 1.95 kwa 2.05. Kabati lina kina cha sentimita 60. Kwenye chumba chenye mita 3 kamili ndani, kabati likikaa miguuni mwa kitanda, kati yake na kitanda zinabaki sentimita 35. Hupiti, na milango ya kabati haifunguki. Kwenye chumba cha mita 3.6 zinabaki 95, na mtu anavaa kwa raha. Hizo sentimita 60 ndizo zinazotofautisha chumba cha watoto na cha wazazi katika mfano wetu. Chora samani kwa vipimo vyake kwenye kila chumba, chora na mlango unavyofunguka. Mlango wa sentimita 90 unafagia sakafu ya sentimita 90, na swichi ya taa haipaswi kuwa nyuma yake.

Ahadi mbili za baadaye

"Nitapandisha ghorofa baadaye" ni sawa ikiwa msingi wa leo umechorwa na mhandisi kwa ajili ya ghorofa, wenye nguzo na nondo zake. Msingi wa kawaida wa ukanda uliotengenezwa kubeba kuta za chini haugeuki kuwa wa ghorofa kwa sababu umemwaga zege la juu. Na ngazi inataka mahali: kupanda mita 3 kwa vidato 18, kwa ngazi inayogeuka katikati, kunakula karibu mita 2.1 kwa 4.2, yaani mita za mraba 9, chini na juu. Kama nafasi hiyo haipo kwenye mchoro wa leo, ghorofa haipo.

Paa la kuficha, yaani lile linalofichwa na ukuta uliopandishwa kulizunguka, nalo linapendwa, na kweli linapendeza. Lakini halina ukingo. Kivuli chote tulichokihesabu kinapotea, mvua inapiga kuta na madirisha moja kwa moja, na gata, yaani mfereji wa maji ya paa, iliyofichwa nyuma ya ukuta ikiziba kwa majani, maji yanaingia ndani ya dari. Ukilitaka, jengea kila dirisha kofia ya zege ya sentimita 60, na gata iwe na tundu la dharura la kutokea maji.

Kabla ya jembe la kwanza

Vipimo vya mita 9 kwa 12 vina faida moja ya ziada. Kona hadi kona ni mita 15 kamili. Fundi akishapiga vigingi na misumari, shikeni futi kamba msumari hadi msumari kwa mshazari. Isome 15.00, kisha mpime mshazari wa pili. Mmoja ukisoma 15.08 na mwingine 14.92, nyumba imepinda, hata kama kila ukuta una urefu sahihi. Utakuja kuliona kosa hilo siku ya kuweka marumaru, zitakapokatwa kama kabari kwenye kona. Sogezeni kigingi sasa. Ni kazi ya dakika tano.

Kisha mwaga chokaa au majivu kufuata mistari ya kuta zote, hata za ndani. Acha matundu ya milango. Pima kitanda kwa kamba na kukilaza mahali pake, weka kiti pale sebule itakapokuwa, egesha gari lenyewe kama lipo. Wote watakaoishi humo watembee ndani: mama aende kutoka jikoni hadi kambani kwa kuanika, mtoto atoke kitandani hadi chooni. Mistari itaonekana midogo kuliko ulivyotegemea. Ni kawaida, nyumba isiyo na kuta huonekana ndogo daima, kwa hiyo amini kipimo kuliko jicho. Bakini hapo hadi saa kumi na moja jioni, mwangalie jua linaingia kwenye mstari wa chumba gani. Likiangukia choo na jiko, mnaweza kuchimba.